Waandishi, Mafarisayo na Wakuu wa Makuhani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msomaji wa Injili hukutana nao karibu kila ukurasa: waandishi, Mafarisayo, Masadukayo, wazee, wakuu wa makuhani. Tumewazoea mno kiasi kwamba wengi wetu huwachanganya wote katika kapu moja na kuliita kapu hilo "maadui wa Yesu". Hapa nimekusanya maswali ambayo wasomaji wa Biblia huyauliza mara nyingi zaidi. Majibu yametoka katika Agano Jipya lenyewe, katika maandishi ya Josephus, Myahudi aliyezaliwa mwaka 37 na kuandika historia ya watu wake akiwa Roma, katika Mishna, mkusanyo wa sheria na mapokeo ya walimu wa Kiyahudi uliokamilika kama mwaka 200, na katika vitu vilivyofukuliwa ardhini.

Waandishi walikuwa wanaandika nini hasa?

Neno lenyewe linatupoteza. Leo ukisema "mwandishi" mtu humfikiria wa gazeti au wa riwaya. Kwa Kiebrania aliitwa *sofer*, mtu wa kitabu, na Kiswahili kina neno linalomfaa zaidi: mwanachuoni. Zamani chuo kilikuwa kitabu. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka inasema Yesu kule Nazareti "akapewa chuo cha nabii Isaya". Hakupewa shule, alipewa gombo. Mtu aliyebobea katika vyuo vya namna hiyo ndiye mwandishi wa Injili.

Kazi ya mkono ilikuwepo pia. Alinakili magombo ya Torati, akaandika mikataba ya ndoa, hati za talaka, hati za madeni na za mauzo ya shamba. Katika nchi ambayo watu wengi hawakujua kusoma, anayekuandikia hati ndiye pia utakayemuuliza kama hati hiyo ni halali, na hivyo kalamu ikamfanya mtaalamu wa sheria. Luka mara nyingine humwita "mwana-sheria", na Biblia ya Habari Njema imeamua kusema "walimu wa Sheria" moja kwa moja. Naona imefanya vema.

Babu yao wa kiroho ni Ezra, kuhani aliyerudi kutoka Babeli, ambaye Biblia inamwita "mwandishi mwepesi katika sheria ya Musa". Na anayetaka kuona walivyojiona wenyewe asome Yoshua bin Sira, sura ya 38 na 39, iliyoandikwa karibu miaka 200 kabla ya Yesu. Anawasifu mkulima, mhunzi na mfinyanzi, anakiri kwamba bila wao mji haukaliki, kisha anasema kwamba hao hawaketi penye kiti cha hakimu. Anayeketi hapo ni mwandishi, kwa sababu amepata nafasi ya kusoma.

Je, mwandishi na Farisayo ni mtu mmoja?

Anaweza kuwa mmoja, lakini si lazima. Uandishi ni kazi; Ufarisayo ni upande uliochagua katika dini. Mtu leo anaweza kuwa wakili na pia Msabato, na hakuna anayedhani mawakili wote ni Wasabato. Kitabu cha Matendo sura ya 23 kinataja waandishi "wa upande wa Mafarisayo", maana yake upande mwingine nao ulikuwa na wa kwao. Na Mafarisayo wengi hawakuwa wataalamu wa lolote. Walikuwa watu wa kawaida, wafanyabiashara na mafundi, walioamua kuishika Sheria nyumbani mwao kwa uangalifu kuliko majirani zao.

Mafarisayo walitoka wapi?

Jina lao yaelekea maana yake ni "waliojitenga". Josephus anaanza kuwataja katika karne ya pili K.K., baada ya vita vya Wamakabayo, Wayahudi walioasi dhidi ya wafalme wa Kigiriki, wakati watawala wa ukoo wa Wahasmonayo walipojitwalia ukuhani mkuu na ufalme pamoja. Tangu hapo Mafarisayo ni watu wa siasa pia, na historia yao ina damu.

Mfalme Aleksanda Yanai, aliyetawala kuanzia 103 hadi 76 K.K., aliwasulubisha wapinzani wake 800 mjini Yerusalemu, wake na watoto wao wakichinjwa mbele ya macho yao, huku yeye akila karamu. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba sehemu kubwa ya hao 800 walikuwa Mafarisayo au wafuasi wao. Mfalme alipokufa, mkewe Salome Aleksandra alishika kiti na kufanya nao amani. Alitawala hadi 67 K.K., na Josephus anasema malkia alikuwa na jina la utawala ilhali Mafarisayo walikuwa na nguvu yenyewe.

Nasimulia haya kwa sababu watu hudhani msalaba uliingia Yerusalemu na Warumi. Uliingia mapema zaidi, kwa amri ya mfalme Myahudi ambaye pia alikuwa kuhani mkuu, na waliotundikwa walikuwa pamoja na watu wa upande wa Mafarisayo.

Walikuwa wangapi?

Josephus anataja Mafarisayo zaidi ya 6,000 waliokataa kula kiapo cha utii kwa Kaisari wakati wa Herode Mkuu. Herode akawatoza faini, na mke wa Ferora, ndugu yake Herode, akawalipia. Waeseni, kundi jingine la Kiyahudi, anawahesabu zaidi ya 4,000. Kwa hiyo Wayahudi wengi hawakuwa wa kundi lolote. Walilima, walivua, walipanda kwenda Yerusalemu wakati wa sikukuu, basi.

Masadukayo je?

Walikuwa watu wa tabaka la juu, hasa jamaa za makuhani wakuu, na jina lao linahusishwa na Sadoki, kuhani wa enzi za Daudi na Sulemani. Walifuata Torati iliyoandikwa na kukataa mapokeo ya Mafarisayo. Hawakuamini ufufuo. Hawakutuachia hata kitabu kimoja chao, kwa hiyo yote tunayoyajua juu yao yamesemwa na watu waliopingana nao. Msomaji mwadilifu alikumbuke hilo.

Kuhani na mwandishi wanatofautiana vipi?

Kuhani huzaliwa. Ni lazima awe wa uzao wa Haruni, na hakuna shule itakayomfanya mtu kuhani kama babaye hakuwa. Makuhani waligawanywa katika zamu 24. Zakaria, baba wa Yohana Mbatizaji, alikuwa wa zamu ya Abiya. Zamu ikiisha alirudi nyumbani kwake milimani.

Mwandishi hujifunza. Mtoto wa mfinyanzi akiwa na kichwa na mwalimu, anaweza kufika mahali ambapo kuhani mwenye damu safi atamuuliza swali. Tofauti hii ndiyo iliyoamua nani angebaki baada ya mwaka 70, maana Hekalu linaweza kuchomwa lakini aliyekariri Torati anatembea nayo.

Rabi naye? Wakati wa Yesu hilo lilikuwa neno la heshima tu, "mwalimu wangu", na wanafunzi wake walimwita hivyo. Cheo rasmi cha rabi kilikuja baadaye.

Kwa nini Luka anataja makuhani wakuu wawili, Anasi na Kayafa?

Kwa Sheria kuhani mkuu alikuwa mmoja, hadi kufa. Herode alivunja utaratibu huo, akaanza kuwaweka na kuwaondoa apendavyo, na maliwali wa Kirumi wakaendelea hivyo hivyo. Josephus anahesabu makuhani wakuu 28 kuanzia Herode hadi Hekalu lilipobomolewa mwaka 70. Ni wastani wa chini ya miaka minne kila mmoja.

Anasi aliwekwa mwaka 6 na kuondolewa mwaka 15. Lakini hakuondoka kwelikweli. Watoto wake watano walishika cheo hicho kwa nyakati mbalimbali, na mkwewe Kayafa alikishika tangu mwaka 18 hadi 36, miaka mingi kuliko wengine wote wa enzi hiyo. Ndiyo maana Yohana anasema Yesu alipelekwa kwanza kwa Anasi. Cheo kilikuwa kwa Kayafa, lakini mzee wa nyumba alikuwa Anasi.

Jambo moja dogo linaonyesha hali ilivyokuwa. Mavazi matakatifu ya kuhani mkuu yalikuwa yamefungiwa katika ngome ya Antonia chini ya ulinzi wa askari wa Kirumi, nayo yalitolewa zinapokaribia sikukuu, kisha yakarudishwa. Kuhani mkuu wa Mungu wa Israeli alikwenda kuomba kanzu yake kwa mpagani. Tunapomhukumu Kayafa, na anastahili kuhukumiwa, tukumbuke mavazi yale yalikuwa mikononi mwa nani.

Mwaka 1990 wafanyakazi waliokuwa wakichimba kusini mwa Yerusalemu waliangukia pango la makaburi. Ndani mlikuwa na masanduku ya mawe ya kuhifadhia mifupa, na moja lililonakshiwa sana lilikuwa na jina la Yusufu bin Kayafa. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mwanamume wa kama miaka 60, pamoja na ya watu wengine. Wataalamu wengi wanaamini ni yeye.

Baraza lilikuwa nini?

Kwa Kigiriki liliitwa *sinedrio*, na Wayahudi wakalitohoa kuwa Sanhedrini. Mishna inasema lilikuwa na watu 71, kwa mfano wa wazee 70 wa Musa jangwani pamoja na Musa mwenyewe. Injili zinaonyesha makundi matatu ndani yake: wakuu wa makuhani, wazee, yaani wakuu wa koo zenye mali, na waandishi. Kuhani mkuu ndiye aliyeongoza.

Watu huuliza kama kesi ya Yesu ilivunja sheria za baraza. Mishna inakataza kesi ya kifo kusikilizwa usiku, inataka hukumu ya kifo itolewe siku inayofuata, na inakataza kuianza mkesha wa Sabato au sikukuu. Ukilinganisha na Marko 14, karibu kila kanuni imevunjwa. Lakini Mishna imeandikwa miaka zaidi ya 150 baadaye, na walioiandika ni warithi wa Mafarisayo wakieleza baraza linavyopaswa kuwa. Baraza la Kayafa liliongozwa na Masadukayo. Siwezi kumshitaki mtu kwa kitabu cha sheria ambacho huenda hakukikubali.

Walisomaje, na nani aliwalipa?

Walisoma kwa kusikiliza na kurudia. Mwanafunzi alikaa miguuni pa mwalimu, kama Paulo anavyosema kuhusu Gamalieli, akakariri hadi maneno ya mwalimu yakawa yake. Na mwalimu aliishi kwa kazi ya mikono. Paulo alishona mahema.

Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi uliokuja baada ya Mishna, ina kisa kuhusu Hillel, mwalimu aliyetoka Babeli na kuishi Yerusalemu wakati wa Herode Mkuu. Alikuwa kibarua. Nusu ya ujira wake aliitumia nyumbani, nusu akampa bawabu wa nyumba ya mafunzo. Siku moja hakupata kazi, na bawabu akamzuia. Ilikuwa Ijumaa ya majira ya baridi. Hillel akapanda juu ya paa, akalala karibu na kidirisha ili asikie masomo ya Shemaya na Avtalioni, na theluji ikamfunika usiku kucha. Asubuhi Shemaya akamwambia mwenzake: mbona leo nyumba ina giza? Walipotazama juu wakaona umbo la mtu. Wakamshusha, wakamwosha, wakamweka karibu na moto, ingawa ilikuwa Sabato, wakisema mtu huyu anastahili Sabato ivunjwe kwa ajili yake.

Pengine kisa kimeongezwa chumvi. Lakini kinatuambia jamii ile iliipenda elimu kiasi gani, na pia kwamba mlangoni palikuwa na ada.

Nani walikuwa Hillel na Shammai, na kwa nini tuwajali sisi wasomaji wa Injili?

Kwa sababu bila wao huwezi kuelewa swali la talaka katika Mathayo 19.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24, inasema mume akiona jambo la aibu kwa mkewe anaweza kumwandikia hati ya talaka. Jambo la aibu ni lipi? Kwa Kiebrania ni maneno mawili, "aibu ya jambo". Nyumba ya Shammai, yaani shule ya mwalimu aliyeshindana na Hillel, iliegemea neno "aibu": mtu asimwache mkewe isipokuwa amemwona na uchafu wa zinaa. Nyumba ya Hillel iliegemea neno "jambo": hata akiunguza chakula chake. Miaka mingi baadaye Rabi Akiva akaongeza: hata akipata mwingine mzuri zaidi. Mishna imezihifadhi rai zote tatu, bega kwa bega.

Sasa sikiliza Mafarisayo wanavyomuuliza Yesu: je, ni halali mtu kumwacha mkewe "kwa kila sababu"? Hilo lilikuwa swali la shule, ambalo kila mwanafunzi wa sheria Yerusalemu alilijua. Wanamuuliza: wewe uko upande gani, wa Hillel au wa Shammai? Jibu lake katika Mathayo liko karibu sana na Shammai, ila analichimba chini zaidi, hadi kwenye Mwanzo, mume na mke mmoja.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba Hillel alikuwa mpole na Shammai mkali, na kwa jumla ni kweli. Hillel ndiye aliyemwambia mtu aliyetaka Torati yote huku amesimama kwa mguu mmoja: lile unalolichukia, usimtendee mwenzako, hiyo ndiyo Torati yote, mengine ni maelezo yake, nenda ukajifunze. Shammai alikuwa amekwisha kumfukuza mtu huyo huyo kwa fimbo ya kupimia ujenzi. Lakini katika talaka upole wa Hillel ulikuwa kwa mume. Mke aliyeachwa kwa chakula kilichoungua angemshukuru Shammai.

Kwa nini waligombana sana na Yesu juu ya Sabato?

Torati inakataza kazi siku ya Sabato lakini haisemi waziwazi kazi ni nini. Mtu anayetaka kumtii Mungu kwa dhati lazima aulize. Mishna ikaja kuorodhesha kazi "arobaini kasoro moja": kulima, kuvuna, kuoka, kuwasha moto, na kadhalika. Wanafunzi waliokwanyua masuke shambani walionekana wanavuna.

Palikuwa na wakali kuliko Mafarisayo. Andiko moja la kundi ambalo magombo yake yalianza kupatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 linakataza kumtoa mnyama aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Katika Mathayo 12 Yesu anawauliza wasikilizaji wake: ni nani kati yenu ambaye kondoo wake akitumbukia shimoni siku ya Sabato hatamwopoa? Anauliza akijua jibu lao. Mafarisayo waliokuwa mbele yake wangemtoa kondoo. Hoja yake isingekuwa na nguvu kama wangekuwa watu wa Qumran.

Na Mishna yenyewe inasema kwamba shaka yoyote ya hatari ya maisha huisukuma Sabato kando. Basi ugomvi ulikuwa wapi? Mtu mwenye mkono uliopooza, ambaye Yesu alimponya siku ya Sabato katika sura hiyo hiyo ya Mathayo, hakuwa anakufa. Mwalimu wa kawaida angesema: mponye kesho. Yesu anakataa neno "kesho". Pande zote mbili zinaipenda Sabato, na zinabishana juu ya mtu anayeweza kusubiri siku moja. Mimi husimama upande wa yule mwenye mkono, lakini siwaoni waliosema "kesho" kuwa watu wasio na utu.

"Mapokeo ya wazee" yalikuwa ni kuikwepa Sheria?

Mara nyingine yaliibadilisha ili ifae. Torati inafuta madeni kila mwaka wa saba. Matokeo yake, mwaka huo ulipokaribia wenye fedha waliacha kukopesha, na maskini wakakosa mkopo wa mbegu. Hillel akaweka hati iitwayo *prozbul*: mkopeshaji analiweka deni mikononi mwa mahakama, nalo halifutiki. Utasema amefuta sheria ya Mungu. Utasema pia amemwezesha maskini kupata mkopo. Yote mawili ni kweli.

Kwa upande mwingine Marko 7 inataja Korbani, mtu anayeiweka mali yake wakfu ili asiwatunze wazazi wake. Hapo Yesu anawashambulia bila huruma, na ana haki. Katika Mishna walimu wa vizazi vilivyofuata wanaruhusu nadhiri inayomgusa baba au mama ifunguliwe kwa ajili ya heshima ya wazazi. Kumbe ndani ya nyumba yao nao waliliona tatizo hilo.

Na kule kunawa na vyombo vya mawe?

Walitaka usafi wa Hekaluni uingie mezani nyumbani. Vyombo vya mawe havikushika unajisi kama vya udongo, na Wayahudi wa karne ya kwanza walivitumia sana. Vimefukuliwa Yerusalemu na Galilaya. Mabalasi sita ya harusi ya Kana yalikuwa ya namna hiyo.

Mathayo 23 inasema "hupanua hirizi zao". Je, walivaa hirizi?

Hapana, na swali hili linaniuma kwa sababu kosa ni la tafsiri. Hirizi kwetu ni kinga ya mganga. Walichovaa Mafarisayo ni *tefilini*, vijisanduku vya ngozi vyenye aya za Torati, vilivyofungwa mkononi na kwenye paji la uso, kwa kutii neno la Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Vya zamani kabisa vimepatikana Qumran, vingine vidogo kama punje ya haragwe. Wayahudi wanavaa hadi leo wakati wa sala ya asubuhi. Yesu hakulaumu kuvaa, alilaumu kuvifanya vipana ili vionekane.

Kwa hiyo Mafarisayo wote walikuwa wanafiki?

Soma sura hiyo hiyo tangu mwanzo. Yesu anasema waandishi na Mafarisayo wameketi katika kiti cha Musa, na kwamba "yo yote watakayowaambia, myashike na kuyatenda". Anashambulia mwenendo wao, wala hafuti mamlaka yao ya kufundisha.

Kisha tazama waliobaki. Katika Luka 13 Mafarisayo wanamwonya Yesu akimbie kwa kuwa Herode Antipa, mwana wa Herode Mkuu, anataka kumwua. Mwandishi mmoja katika Marko 12 anaambiwa kwamba hayuko mbali na ufalme wa Mungu. Nikodemo, Farisayo, anawauliza wenzake: "Je! Torati yetu humhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza, na kujua atendavyo?" Katika Matendo 15 kuna Mafarisayo walioamini, ndani ya kanisa lenyewe. Paulo mbele ya baraza hakusema "nilikuwa Farisayo". Alisema yeye ni Farisayo.

Unafiki ulikuwepo, na wa kwanza kuusema walikuwa wao wenyewe. Talmudi ina orodha ya aina saba za Mafarisayo, nyingi zikiwa za kuchekwa, kama yule anayetembea akijionyesha unyenyekevu.

Hapa nasema wazi. Kumwita mwenzako kanisani "Farisayo wewe" ni jambo dogo. Lakini kwa karne nyingi huko Ulaya maneno haya yaligeuzwa kuwa silaha dhidi ya Wayahudi waliokuwa hai, watoto na wazee, ambao hawakuwahi kumwona Yesu. Anayehubiri Mathayo 23 aihubiri kama Yesu alivyoisema: Myahudi akiwakemea Wayahudi wenzake kwa sababu nyumba ni yake.

Nani basi alimpeleka Yesu kwa Pilato?

Wakuu wa makuhani. Katika Marko na Luka Mafarisayo hawatajwi kabisa usiku wa kesi. Yohana anawataja kwenye kukamatwa, na Mathayo wanapoombwa walinzi wa kaburi. Kilichomfikisha pale ni vurugu za Hekaluni wakati wa Pasaka, mji umejaa, Pilato yuko Yerusalemu na askari. Hekalu ndilo lilikuwa eneo la Kayafa. Hoja ya Kayafa katika Yohana 11, kwamba yafaa mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia, ni hoja ya mtawala mwenye hofu.

Gamalieli alikuwa nani?

Mjukuu wa Hillel kwa mapokeo, na mwalimu wa Paulo. Mitume waliposhitakiwa alisimama barazani akasema "shauri hili au kazi hii ikiwa imetoka kwa binadamu, itavunjwa, lakini ikiwa imetoka kwa Mungu hamwezi kuivunja". Mishna inamkumbuka kwa mambo mengine: alimzuia mume kuibatilisha hati ya talaka kisirisiri baada ya kuituma, na akaruhusu mjane aolewe tena kwa ushahidi wa mtu mmoja tu kwamba mumewe amekufa. Kwa mwanamke aliyebaki njia panda, si mke si mjane, hukumu hizo zilikuwa uhai wake.

Kuna tukio nje ya Biblia linaloonyesha tofauti ya makundi haya?

Lipo, la mwaka 62. Liwali wa Kirumi Festo amekufa, na Albino aliyetumwa kuchukua nafasi yake hajafika. Kuhani mkuu Anano, mtoto wa yule Anasi, Msadukayo, akaitisha baraza upesi na kumhukumu Yakobo, ndugu yake Yesu, apigwe mawe. Josephus anasema watu wa mji waliojulikana kwa uadilifu na kwa kuishika sheria kwa makini walichukizwa, wakapeleka malalamiko, na mfalme Agripa akamwondoa Anano baada ya miezi mitatu tu. Wataalamu wengi wanaamini waliolalamika walikuwa Mafarisayo.

Wasomaji Waislamu huuliza: ni hawa wanaotajwa katika Qurani?

Qurani, katika sura ya 5 aya ya 44, inawataja *rabbaniyyuna* na *ahbari*, wanavyuoni wa Kiyahudi waliohukumu kwa Taurati. Wayahudi aliokutana nao Mtume Muhammad huko Madina katika karne ya saba yaelekea walifuata njia ya marabi, ambao ni warithi wa Mafarisayo.

Ilikuwaje baada ya Hekalu kubomolewa?

Warumi waliuchoma mji mwaka 70. Masadukayo wakatoweka, kwa kuwa kazi yao ilikuwa Hekalu. Qumran ilikuwa imeharibiwa mwaka 68. Waliobaki ni walimu. Mapokeo yanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai alitolewa katika mji uliozingirwa akiwa ndani ya jeneza, amebebwa na wanafunzi wake, akaenda Yavne karibu na pwani kuanzisha nyumba ya mafunzo. Kutoka hapo ukaja mkondo ulioizaa Mishna ya Rabi Yuda, kama mwaka 200, na baadaye Talmudi.

Kuna simulizi kwamba siku moja Yohanan alipita kwenye magofu ya Hekalu pamoja na mwanafunzi wake Yoshua. Yoshua akalia: ole wetu, mahali pa kufunikwa dhambi zetu pamebomolewa. Yohanan akamwambia asihuzunike, kuna upatanisho mwingine ulio sawa na huo, nao ni matendo ya fadhili, kama ilivyoandikwa katika Hosea kwamba Mungu ataka fadhili wala si sadaka. Mathayo anamwonyesha Yesu akiutumia mstari huo huo mara mbili, katika sura ya 9 na ya 12, na mara zote mbili alikuwa akiwajibu Mafarisayo.